Sikio la Mpimaji

Kabla ya kuikaribia mashine, Mpimaji alivua kofia. Ilikuwa kofia ya khaki, ukingo wake umelegea kama jani la mgomba lililopigwa na mvua, na ukingo huo ulimzuia kulaza kichwa kwenye bati. Aliiweka mezani, akainama kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda, akaegemeza sikio la kulia kwenye ubavu wa mashine, chini kabisa karibu na sakafu, kisha akagonga mara mbili kwa kiungo cha kidole. Wateja wa mama waliacha kutafuna ili asikie vizuri.

"Daktari, mgonjwa anasema nini?" dereva mmoja wa lori aliuliza.

"Nyamaza kwanza."

"Ana homa?"

"Amevimbiwa," Mpimaji akajibu bila kuinua kichwa, na baraza zima likacheka. Lakini alipoinuka na kutamka neno moja, "Imejaa," kicheko kilikatika, na watu wawili watatu wakasogeza viti karibu na kona.

Alikuwa na jina, bila shaka. Kanisani lilisomwa katika orodha ya wazee wa zamu. Kwetu Bwera hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia hapa. Alikuwa Mpimaji kwa watu wote, na "Muzee" alipokuwa anaongeleshwa ana kwa ana.

Mama aliuza chai, chapati na maharage kwenye baraza la nyumba ya kupanga, kando ya barabara inayoteremka mpakani. Katika kona, kati ya pipa la maji na mlango, ilisimama mashine. Sanduku la bati jekundu, kimo chake kifuani kwangu, na usoni picha zilizozungukwa na taa: tufaha, tikiti, kengele, nyota. Ulitia sarafu ya mia tano, ile yenye korongo, ambayo sisi tuliiita ndege. Ulibonyeza picha uliyoiamini. Taa zilikimbia duara, zikipunguza mwendo taratibu, kwa hila, kana kwamba zinafikiri. Zikisimama juu ya picha yako, sarafu zilimwagika kwenye kibakuli. Zisiposimama, ulitafuta ndege mwingine mfukoni.

Mwenye mashine alikuwa tajiri fulani wa Kasese ambaye hatukuwahi kumwona. Kila wiki alimtuma mtu wake na pikipiki na kitita cha funguo. Huyo alifungua mlango wa nyuma, akamimina sarafu kwenye mfuko wa turubai, akamwachia mama sehemu yake kwa ajili ya kona na umeme, akaondoka. Sehemu hiyo ndiyo iliyonilipia shule ya sekondari mpaka kidato cha mwisho. Nalisema mapema ili lisije likaonekana nimelificha.

Mpimaji naye alitaka kitu kimoja, na kila mtu alikijua kwa sababu hakuacha kukitaja: kurudisha shamba la Bwesumbu. Lilikuwa shamba la kahawa mlimani, mahali ambapo asubuhi unaweza kukunja ukungu kwa mkono kama shuka. Kipande cha juu alikiuza mke wake alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, na kwa hilo hakuna aliyemlaumu. Kipande cha pili alikiuza ili apate mtaji wa kukirudisha cha kwanza. Mtaji huo aliuingiza, ndege mmoja baada ya mwingine, katika mashine za wilaya yetu.

Mikono yake ilijua uzito kama mikono ya wengine inavyojua moto. Kwa miaka mingi alikuwa mpimaji katika ghala la kahawa mjini Kasese, na hadithi za enzi hizo zilimfuata kama vumbi la maganda ya kahawa. Gunia liliposhushwa, alilipiga kofi ubavuni kabla ya kulitundika kwenye mizani, akataja kilo zake, na sindano ikaja kukubali baadaye. Aliuma punje moja kati ya meno ya mbele akajua kama kahawa imekauka au imelala kwenye umande ili iongeze uzito. "Hii imeoga jana," alimwambia mkulima, na mkulima akatazama chini. Wanunuzi walimtaka aegemeze kidole kwenye mizani, kidogo tu, wazee wa mlimani wasione. Alikataa. Tajiri wake wa wakati ule alimwita mpumbavu mbele ya wapagazi, na bado akaendelea kumweka, kwa sababu wakulima walikuwa wakileta kahawa pale kwa ajili yake.

Siku moja mama alinunua gunia la makaa kwa mchuuzi wa barabarani. Mpimaji, akiwa na kikombe cha chai mkono mmoja, akaliinua kwa mkono wa pili kidogo tu kutoka chini.

"Mama Masika, bamekuibia. Chini kuna mawe."

"Muzee, hujalifungua hata!"

"Makaa inalia. Jiwe haliliagi."

Mama akalimwaga uani. Mawe matano, makubwa kama viazi vitamu.

Halafu ikaja ghalani mizani ya betri. Mtu yeyote angeweza kusoma namba nyekundu, hata binti aliyemaliza shule jana, na tajiri wa ghala hakuona sababu ya kulipa sikio na kofi. Mpimaji hakuzungumzia siku aliyoachishwa. Alisema tu, "Batu ba sasa banasoma. Sisi tulikuwa tunasikia." Nadhani ndipo lilipoanzia. Kipaji kikifukuzwa kazini hakifi. Kinatangatanga kikitafuta kitu cha kupima, na siku hizo hizo mashine nyekundu zilikuwa zinashushwa kwenye kila kituo cha biashara, kutoka Rukoki mpaka mpakani.

Nadharia yake alinifafanulia mara nyingi, kwa uvumilivu, kama anayemfundisha mtoto kusoma saa. Mashine ni gunia. Watu wanaijaza. Sarafu ikiangukia bati tupu, inalia kali, kama kijiko ndani ya sufuria. Ikiangukia sarafu zingine, inalia nzito, fupi, kama mutu anayekohoa ndani ya blanketi. Gunia halina budi kuwa na mwisho wake, na mashine ikifika mwisho wake lazima itapike. Mchezaji mjinga anacheza akiwa na pesa. Mchezaji mwenye akili anangoja wajinga wamalize kuijaza, kisha anakuja yeye na ndege wachache.

"Basi wewe unakula jasho la wajinga, Muzee," nilimwambia wakati mmoja.

"Biira, mimi sili jasho. Mimi ninapima tu. Aliyeacha gunia wazi ni yeye."

Alikuwa na kanuni. Hakucheza siku ya soko, siku ambayo wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka walijazana kwetu. Alicheza asubuhi ya kesho yake, mashine zikiwa zimelala na chakula tumboni. Hakucheza siku ambayo mtu wa funguo amepita, na ili kujua hilo alitazama alama za tairi la pikipiki kwenye udongo wa mbele ya baraza. Alipenda madereva wa malori wanaongoja karatasi za forodha. Mtu anayengoja karatasi, alisema, anaitia mashine ndege kama anayemtupia kuku mahindi. Alikaa mezani na chai yake ikipoa, bila kugeuza kichwa, akihesabu kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: mfuko wa kulia wa koti ulikuwa na buni, na kwa kila sarafu iliyoanguka alihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Buni zile zilitoka Bwesumbu, kwenye mibuni yake mwenyewe. Mfuko wa kushoto ukiwa mzito, alisimama na kuvua kofia.

Aliijua kila mashine kwa tabia. Ile ya Rukoki, kando ya saluni, aliita Mchoyo. Ile ya Karusandara, chini kwenye tambarare, ilisikika imejaa tangu mlangoni, lakini sakafu ilikuwa ya udongo, na udongo, alionya, unadanganya sauti. Za mjini Kasese zilikuwa na kelele za muziki, ikabidi aende alfajiri, kabla spika hazijawashwa. Yetu aliipenda kuliko zote kwa sababu ya saruji. "Mama Masika ana sakafu ya ukweli," alisema, na mama akaendelea kukanda unga.

Alishinda. Lazima niseme hivyo, kwa sababu wanaomkumbuka kama mzee aliyechanganyikiwa wamesahau siku ile. Ilikuwa asubuhi baada ya soko, alisikiliza, akasema imejaa, akatia ndege wa nne au wa tano juu ya kengele, na taa zikasimama pale pale. Sarafu zilimwagika, zikajaza kibakuli, zikarukia sakafu, zikabingirika mpaka chini ya jiko. Watu walipiga kelele. Yeye hakupiga. Alisimama na kofia mkononi, macho ameyafumba, akisikiliza zinavyoanguka, na usoni mwake kulikuwa na amani ya mtu aliyetaja kilo na kuona sindano ikikubali. Alinunulia baraza zima chapati. Alimnunulia mke wake kitenge cha bluu. Zilizobaki alipanda nazo gari kwenda Kasese, kwa mashine ambayo juzi yake aliiacha ikisikika vizuri, na kabla jua halijafika utosini zilikuwa ndani.

Na hapo hapo, alikuwa adui mkubwa wa kamari. Vijana waliokuwa wakibashiri mpira wa Ulaya kwenye simu zao aliwakemea kwa ukali wa mhubiri.

"Hiyo ni kamari! Munatupa pesa!"

"Na wewe, Muzee, hapo kwa kona unafanya nini? Unaomba?"

"Mimi nimesikiliza kwanza. Wewe mpira wa Ulaya umeupimia wapi? Ulishika mguu wa yule mutu ukajua uzito wake?"

Kanisani walipopendekeza bahati nasibu ya mbuzi ili kuezeka paa, alisimama akapinga mpaka ikaachwa. Wote walijua asubuhi hiyo alitokea wapi. Hakuona kicheko chao, au alikiona na hakikumhusu.

Mke wake alikuja mara moja tu. Mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa watu wa mlimani, anayeweka mguu kana kwamba kila hatua ni ngazi. Kichwani alikuwa na kikapu cha maparachichi, na kiunoni kile kitenge cha bluu, kimepauka. Mumewe hakuwepo. Na sisi kwa sisi tunaongea Lhukonzo, lakini yeye alichagua Kiswahili, ili wateja wote, hata wa ng'ambo, wasikie.

"Mama Masika, wewe ni mwanamuke kama mimi."

"Karibu chai, dada."

"Sitaki chai. Nataka kujua hiyo kitu utaitoa lini."

Mama aliendelea kugeuza chapati. "Nikiitoa hapa, kesho ataifuata kwa jirani."

"Aifuate. Lakini isiwe wewe. Kwangu kumebaki kipande cha chini. Kipande chenye nyumba. Na batoto bangu babili balilala pale, nyuma ya jiko, unajua."

"Najua."

"Basi."

Alishusha kikapu, akatoa maparachichi manne, akayapanga juu ya meza yetu moja moja kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, akaondoka. Mama hakuyagusa. Yalikaa pale mpaka yakalainika, na mwishowe nikayatupa mimi.

Nimeshajaribu kuipamba siku ninayoisimulia sasa na sikuweza. Nilikuwa nimemaliza shule, nangoja chuo, na mashine ilikuwa imekwama. Mtu wa funguo alikuja mchana, akaisogeza kutoka ukutani, akafungua mlango wa nyuma.

"Nnyabo," akaniita, yaani bibi, "hebu nishikie hii mlango. Upepo inaifunga."

Nikaushika. Kwa mara ya kwanza niliona ndani. Nilitegemea kitu kikubwa, magurudumu, akili fulani. Kulikuwa na nyaya, vumbi, mende mmoja aliyekauka, na juu, nyuma ya taa, bomba la plastiki lenye upana wa mkono wangu, limejaa sarafu zilizopangana kama biskuti. Chini kabisa, sakafuni, sanduku la bati lililo wazi, nalo lina rundo.

"Hii ya juu ni ya nini?"

"Hiyo ndiyo inalipa. Mtu akishinda, inatoka hapo."

"Na hii ya chini?"

"Bomba ikijaa, ile inazidi inaruka, inaanguka chini."

"Kisha inarudi juu?"

Akacheka kwa dhati, akapangusa mikono kwenye suruali. "Irudi kufanya nini? Ya chini ni ya bosi. Ikishaanguka hapo, mashine haijui tena kama iko."

"Lakini sanduku likijaa sana... haliwezi kutapika?"

"Likijaa sana mimi nakuja mapema." Akaichomoa sarafu iliyopinda, akaitazama kwenye mwanga. "Na bomba huwa imejaa kila siku, nnyabo. Mimi ndiye naijaza. Mashine inalipa vile imepangwa kulipa, si vile imekula."

Nilitazama mahali ambapo rangi nyekundu ilikuwa imechubuka kwa nje, duara dogo la bati jeupe, karibu na sakafu. Ni sikio la Mpimaji lililoimaliza rangi ile, mwaka baada ya mwaka. Lilikuwa mkabala wa sanduku la chini. Alichokuwa akikisikia, kwa usahihi ambao mizani ya betri haitaufikia kamwe, kilikuwa pesa zilizokwisha kuondoka. Alikuwa anapima mzigo wa tajiri. Hakuna sarafu hata moja kati ya zile ambayo ingeweza kumrudia, yeye wala mwingine. Na siku aliyoshinda, taa zilikuwa tu zimesimama pale.

Nilimwambia mama jioni ile ile, jua likiwa bado kwenye milima. Alikuwa anaosha karai.

"Usimwambie," akasema.

"Mama, ana kipande kimoja kimebaki."

"Ukimwambia leo, unamwambia kwamba vile vilivyokwenda vimekwenda bure. Utaweza kumtazama?" Akamwaga maji machafu. "Na chuo unakwenda kwa pesa gani? Ya chapati?"

Nilisema nitamwambia kesho. Nilisema hivyo kwa siku kadhaa, kwa dhati kila mara. Mpimaji alikuja, akavua kofia, akainama, na mimi nilikuwa na shughuli: vikombe, kuni, wateja. Nikaona jinsi uongo usiosemwa unavyoweza kuwa na kazi nyingi za nyumbani.

Kisha asubuhi moja alikuja na karatasi, na mtu aliyevaa buti za mpira, mnunuzi kutoka Bwesumbu. Macho ya Mpimaji yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na maandishi yalikuwa madogo.

"Biira, wewe umesoma. Tusomee, tusikie kama iko sawa."

Nikaifungua. Ilikuwa hati ya mauzo. Nilisoma mipaka: mti wa upande wa juu, kijito, njia ya kwenda kanisani. Nilisoma kwamba muuzaji anatoa kipande cha chini, pamoja na nyumba, pamoja na mibuni yote iliyosimama, isipokuwa makaburi mawili.

"Rudia hapo pa makaburi."

"Isipokuwa makaburi mawili nyuma ya jiko, ambayo mnunuzi hatalima juu yake."

"Sawa. Endelea."

Mnunuzi aliniambia kando, nusu akicheka, kwamba mzee amemchosha: wamepima kwa kamba mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza kamba ililegea na mzee akaona mnunuzi atapunjwa hatua mbili. Ndivyo alivyokuwa. Hangemwibia mtu hatua mbili za udongo, na alikuwa anauza paa la mke wake bila mke wake kujua.

Nilifika mwisho wa karatasi. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Naikumbuka nafasi ile kama chumba: meza, chupa ya chai, inzi ukingoni mwa kikombe, mama akinitazama akiwa jikoni na mikono yake imetulia ndani ya unga.

"Mara hii ni ya mwisho," Mpimaji akasema, akijieleza ingawa sikuwa nimeuliza. "Nilikuwa naenda na mtaji mdogo, naishia njiani kabla haijatapika. Sasa nina wa kutosha. Kasese zimejaa zote, nimezipitia moja moja. Nitarudisha cha chini, nitarudisha cha juu. Yeye hatalala nje hata siku moja."

"Iko sawa?" mnunuzi akauliza, akinyoosha kidole kwenye karatasi.

"Iko sawa," nikasema.

Mpimaji akatia dole gumba.

Nilikwenda chuoni. Habari zilinifikia vipande vipande: wiki moja na nusu mjini Kasese, kisha amerudi kwa miguu, kisha mke wake ameshuka kwa kaka yake Karusandara na godoro juu ya pikipiki. Halafu hakuna habari.

Baada ya miaka mitatu dada yangu Masika alijifungua, nami nikarudi kumwona. Gari liliharibikiwa Rukoki. Nilishuka na begi langu, nikaona ghala la kahawa, na mbele yake mtu amechuchumaa, akiokota buni zilizomwagika kutoka kwenye magunia, moja moja, akizitia ndani ya kopo. Kofia niliitambua kwanza.

"Muzee."

Alinyanyua uso. Ukungu ulikuwa umemaliza jicho moja. Alinijua kwa sauti, na mkono wake ukalifuata begi kabla ya kuufuata mkono wangu. Akaliinua kidogo, akalishusha.

"Kilo nane. Bitabu."

"Vitabu na nguo za mtoto."

"Nguo haina kilo. Bitabu." Alifurahi. Mlangoni mwa ghala binti mmoja alikuwa akisoma namba nyekundu kwa sauti, na kila alipotaja namba, midomo ya mzee ilikuwa imeshaitaja.

"Mama Masika ako muzima?"

"Mzima."

"Na ile yetu bado iko?"

"Iko."

Nikamuuliza mke wake. "Karusandara. Joto ya kule! Alipanda mibuni tatu nyuma ya choo. Kila asubuhi alimwagia maji ya kuoshea vyombo. Ilikauka. Kahawa haipendi kule chini." Akatia buni nyingine koponi. "Haniongeleshi. Ananipa chakula. Anaweka, anaenda."

"Na kule Bwesumbu?"

"Yule mutu ni mwaminifu. Hajalima juu yao. Amelima mpaka karibu, lakini juu yao hajalima."

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote pale juani, kwa haraka, nikiwa nimeshika mkanda wa begi: bomba la juu, sanduku la chini, ya bosi, siku niliyoshika mlango, siku niliyosoma karatasi na kusema iko sawa huku najua. Nilikuwa nimeyabeba kwa miaka mitatu, na nilitaka anitukane. Nadhani nilitaka pia kumponya.

Aliendelea kuokota mpaka nikamaliza.

"Mwenye funguo wa Kasese alinionyesha," akasema.

"Lini?"

"Zamani. Kabla ya kipande cha pili."

Sikuelewa. Nilimwambia sielewi.

"Alinifungulia, nikaona. Bomba, sanduku. Nilikaa kama mwezi bila kwenda. Nikalima. Mikono ikaniuma, si kwa kazi." Aliinua kopo, akalipiga kofi ubavuni, bila kufikiri. "Biira, kule ghalani walisema sikio langu halina kazi. Lakini niliposema imejaa, ilikuwa imejaa. Kuna siku uliona nimesema imejaa na haikuwa imejaa?"

"Hapana, Muzee."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi."

Dereva alipiga honi. Gari lilikuwa limewaka. Mzee akashika kiwiko changu, kwa wepesi, akanigeuza upande wa saluni iliyo jirani. Mashine ilikuwa pale pale kivulini, bluu badala ya nyekundu, bila mtu.

"Ile Mchoyo waliibadilisha. Hii ni mpya. Jana batu ba lori balikaa hapa kutwa nzima." Akashusha sauti. "Uko na ndege?"

Nilikuwa naye. Nilijua ndege huyo anakokwenda na nilijua ametokea wapi, na nikampa mzee.

Alivua kofia, akanipa niishike. Akainama, taratibu kuliko zamani, akaweka sikio karibu na sakafu, akanyoosha mkono juu bila kutazama, akaiachia sarafu kwenye tundu. Hakubonyeza picha yoyote. Ndege alipita ndani ya bati, akagonga kitu, akagonga kingine, akaanguka. Taa zilibaki zikiwaka na kuzimika zenyewe.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ilianguka juu ya bati, ao juu ya zingine?"

"Juu ya zingine, Muzee."

Alitabasamu akiwa bado chini, jicho moja likinitazama na jingine halitazami popote, akaingiza vidole katika mfuko wa kulia wa koti, akatoa buni moja, nyeusi, iliyong'aa kwa kushikwa, akaihamishia kushoto.